Miguu Peku kwa Miaka Mia ya Jeshi

Barua ilizaliwa Makao Makuu. Ikateremka Kanda, ikagongwa muhuri. Ikateremka Mkoa, ikagongwa muhuri. Ikateremka Wilaya, wakaisahau juu ya jokofu siku kumi na moja, kisha nao wakagonga wao. Ilipofika kituoni ilikuwa na mihuri minne, saini tano na duara la kikombe cha chai. Hakuna ofisi iliyoongeza neno la maana, ila kila moja ilikuwa imeandika "kwa utekelezaji wa haraka". Hivyo ndivyo Jeshi la Polisi lilivyopangwa: juu kuna anayelipwa kwa kufikiri, katikati kuna wagonga mihuri, na chini kabisa kuna Sajenti.

Sajenti huyu alikuwa na miaka hamsini na minne, na mistari mitatu ya mkononi mwake ilikuwa na miaka kumi na saba. Kazi yake ilikuwa kaunta, kuandika daftari la matukio: nani kaibiwa, nani kapigwa, nani kaingizwa mahabusu, nani katolewa. Alikuwa na mwandiko wa kupendeza, na mwandiko huo ndio uliomfunga. Kila mkuu wa kituo aliyehamia pale alimsifu, akasema Sajenti akiondoka kaunta itakufa, kisha akapendekeza mtu mwingine apandishwe cheo.

Mkuu wa Kituo wa sasa askari walimwita Kiyoyozi. Alipohamia tu, alikuta kiyoyozi kipya kimeletwa kwa ajili ya chumba cha vielelezo; kesho yake kilikuwa kinavuma juu ya kichwa chake mwenyewe, na vielelezo vikaendelea kuoza kwa amani. Siku ya barua alimwita Sajenti ofisini na kumwambia akae. Sajenti hakuwa amewahi kukalia kile kiti. Akakalia ukingo wake, kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Kumbe una hazina nyumbani, Sajenti, na hutuambii," Kiyoyozi alisema.

"Ni baba yangu tu, afande."

Barua ilieleza kwamba Jeshi lilikuwa linatimiza miaka mia moja tangu lianzishwe, na kila kituo kitafute askari wakongwe walio hai waliotumikia kabla ya uhuru, wapelekwe kwenye gwaride kuu. Nchi nzima alikuja kupatikana mmoja. Wengine walishakufa, wengi wao wakisubiri majibu ya barua walizoliandikia Jeshi hilohilo. Huyo mmoja alikuwa akilala mita mia mbili kutoka kaunta, kwenye kota za polisi, ndani ya kiveranda kilichozibwa kwa mbao za maboksi.

Miaka mitatu nyuma Kiyoyozi huyuhuyu alikuwa ametia saini amri ya kuwaondoa kota "watu wote wasio wategemezi halali". Baba mzazi hakuwa mtegemezi halali. Kanuni zilimtambua mke na watoto tu. Tangu hapo, kila siku ya ukaguzi, mzee wa miaka tisini alikuwa akifichwa jikoni kwa jirani, kwenye kigoda nyuma ya gunia la mkaa, mpaka maafande wapite. Kiyoyozi alilijua hilo. Alikuwa akilitunza, kama watu wa aina yake wanavyotunza kila wanachokijua.

Alisema orodha ya kupandishwa cheo ilikuwa inakwenda Kanda mwisho wa mwezi. Sajenti hustaafu akiwa na miaka hamsini na mitano. Inspekta hustaafu na sitini. Hakuhitaji kufafanua. Sajenti alikuwa amebakiwa na miezi minane, na kota hurudishwa ndani ya siku thelathini baada ya kustaafu, pamoja na balbu.

"Cheo hakiombwi, Sajenti. Kinaonekana," Kiyoyozi alisema, akijipepea kwa ile barua ingawa baridi ya ofisi ilikuwa ya kutosha kuhifadhi samaki. "Na macho ya kituo hiki ni mimi."

Sajenti akasimama, akashukuru. Hakujua anashukuru nini, lakini mdomo wake ulikuwa umezoea.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa mlangoni ili ipate mwanga, na kazi yake kubwa ilikuwa kurekebisha sare, maana ghala la Jeshi lilikuwa na vipimo viwili tu, kubwa mno na ndogo mno. Maafande walileta suruali zao, wakazichukua zimekaa sawa, wakaahidi kulipa. Alipopewa habari ya barua hakuacha kukanyaga mashine. Aliuliza tu kama huyo mgeni rasmi atakayepeana mkono na Baba ni wa ngazi ile ile ya wanaowafanya wamfiche nyuma ya gunia la mkaa.

Mzee mwenyewe alifurahi. Ni aibu kusema, lakini alifurahi. Kwa miaka hamsini hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu kazi yake. Aliondolewa kazini miaka michache baada ya uhuru kwa sababu hakujua kusoma, akapewa karatasi ya kumwambia hivyo, na ilibidi amtafute mtu wa kumsomea. Hakupewa kitu kingine. Sasa aliuliza kama Inspekta Jenerali mwenyewe atakuwepo, na kama atavaa upanga. Aliuliza kama atasimama mstari wa mbele. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake anapiga viatu rangi kabla hata bomba la kota halijafunguliwa.

Viatu vile vilikuwa vyeusi, vya kamba, vimewekwa soli mpya mara nyingi mno. Mzee alivaa viatu kutoka anapoamka mpaka anapozima taa. Alivaa viatu kwenda chooni. Mkwewe, ambaye alimfulia na kumpikia miaka kumi na miwili, hakuwahi kuiona miguu yake.

Wiki iliyofuata akaja mtu wa Kamati ya Maadhimisho kutoka Makao Makuu, Mrakibu wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea uhusiano na umma na hakuwahi kumkamata hata kuku. Alinukia manukato mazuri. Kiyoyozi alimsindikiza mpaka kota, akiruka madimbwi ya maji machafu ambayo askari walikuwa wameyaandikia barua tangu mwaka juzi, na alipofika mlangoni akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka, kwamba mazingira haya yanahitaji kuangaliwa.

Mrakibu aliketi kwenye kitanda, maana hapakuwa na kiti cha pili. Alikuwa na picha ya zamani iliyochapishwa kubwa: askari kumi na wawili weusi wamepangwa mstari, kaptula, tarbushi, vitambaa vimezungushwa kwenye miundi, na mzungu mmoja katikati amekalia kiti. Alieleza kwamba gwaride litaonyesha historia ya Jeshi hatua kwa hatua, na kwamba Mzee ndiye atakayefungua, akiwa amevaa hivi, amebeba sanduku la bati la Bwana Mkubwa. Bwana Mkubwa mwenyewe ataigizwa na koplo mmoja mrefu. Atapakwa poda.

Kisha akamgeukia mke wa Sajenti, akamkabidhi kitambaa cha kaki. Alisema bajeti ya mavazi imeisha, kwa hiyo Kamati inaomba aishone hiyo sare kwa moyo wa uzalendo.

"Uzi nao ni wa uzalendo?" mke wa Sajenti aliuliza.

Mrakibu akacheka, kwa kuwa alifundishwa kucheka na wananchi. Uzi haukuletwa.

Akafungua daftari ili achukue maneno ya Mzee kwa ajili ya kitabu cha kumbukumbu. Lakini maneno yalikuwa yameshaandikwa. Alichotaka ni Mzee ayakubali. Akasoma kwamba Jeshi lilianzishwa ili kulinda raia na mali zao. Mzee, aliyekuwa amekaa wima kwenye kigoda mikono magotini, akamsimamisha kwa adabu.

"Mali tulilinda," alisema. "Raia ndio tuliokuwa tunawapiga."

Alisema hivyo bila uchungu, kama fundi anayesahihisha kipimo. Mrakibu alimtazama Kiyoyozi, Kiyoyozi akamtazama Sajenti, Sajenti akatazama sakafu. Hata kwa kutazamana walifuata ngazi. Mrakibu akafunika kalamu yake, akasema wazee wetu wana kumbukumbu za kila namna, na tuendelee. Alitaka kuona kama kofia ya tarbushi aliyokuja nayo itamkaa. Ilimkaa. Akarudi kwenye picha, akaonyesha kwa kidole chini kabisa.

"Na hapa, Mzee wetu, utaona wote ni peku. Kwa hiyo siku hiyo viatu tutaviacha pembeni."

"Hapana," Mzee alisema.

Mrakibu alidhani hakusikia vizuri. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani tatizo ni masikio. Mzee alimsubiri amalize, kisha akamweleza. Alitumika miaka kumi na mmoja peku. Walitembea siku nne kwa mguu kwenda kukusanya kodi na siku nne kurudi, na asubuhi ya gwaride walisimama kwenye changarawe huku Bwana Mkubwa akiwakagua kucha. Farasi wa Bwana Mkubwa alipigiwa viatu vya chuma kabla yao. Mwaka walipogawiwa vya ngozi, walipanga mstari wakaweka dole gumba kwenye karatasi, na yeye alivaa vyake palepale, vikiwa vidogo, akatembea navyo vikimkata mpaka kambini. Siku hiyo aliapa kwamba hakuna mkubwa atakayemwona tena miguu.

"Nitabeba sanduku," alimaliza. "Nitavaa kofia. Viatu sivui."

Mrakibu alisema hilo ni simulizi zuri sana, na kwamba hapana shaka familia italizungumza.

Familia haikulizungumza, iliamriwa. Siku iliyofuata Kiyoyozi alimwambia Sajenti kwamba Makao Makuu wanataka picha mpya ifanane na ya zamani, na kwamba kama baba yake ana viatu vya thamani kuliko cheo cha mwanawe, basi orodha inaweza kwenda Kanda ikiwa nyepesi. Jumatatu Sajenti akaondolewa kaunta. Akapangiwa kulinda magari mabovu nyuma ya kituo, ambayo hayakuwa na tairi wala injini, kazi ambayo hupewa kuruta au mlevi. Kaunta akawekwa kijana asiyejua kutofautisha "wizi" na "unyang'anyi". Askari waliopita waliuliza kama magari yamejaribu kutoroka. Sajenti alicheka nao. Jumatano mafundi walikuja kukagua bomba la safu yao ya kota tu, wakalifunga kwa matengenezo, na mkewe akaanza kuteka maji upande wa pili, ambako wake wa maafande walimpisha kwa upole mkubwa, kama anavyopishwa mgonjwa.

Usiku walibishana kwa kunong'ona, maana ukuta wa kota ni wa kupitishia habari.

Sajenti alisema ni nusu saa tu. Watu huvua viatu kila siku, wanaingia misikitini, wanapimwa uzito hospitalini, hawafi. Alisema amebembeleza wakubwa kumi na saba kwa miaka kumi na saba na huyu ndiye wa kwanza kumwahidi kitu kinachoeleweka. Aliuliza, wakitoka hapa, watakwenda wapi na cherehani na mzee.

"Baba yako kakuomba nini tangu aje hapa?" mkewe alisema. "Nitajie kimoja."

Sajenti akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Tulimficha nyuma ya mkaa, akakaa. Hakusema neno. Sasa kasema neno moja."

"Wewe hujui kazi ya amri."

"Naijua. Naishona kila siku, naona inavyowabana makalio."

Asubuhi Sajenti akamwambia baba yake kwamba mambo yamekwisha. Amezungumza na wakubwa, wamemwelewa, atakwenda na viatu vyake. Alisema hivyo akiwa anajifunga mkanda, bila kugeuka. Mzee akamshukuru. Akamwita mwanangu, na kusema alijua tu kwamba mtu wa kaunta anajua kuzungumza na wakubwa. Mke wa Sajenti alikuwa anatia kifungo cha mwisho kwenye kaptula. Alimtazama mumewe muda mrefu. Na kwa kuwa alitaka sana iwe kweli, akaamua kuamini.

Uwanja wa gwaride ulikuwa wa lami, umepakwa rangi upya usiku wa kuamkia siku hiyo. Asiyejua muundo wa Jeshi angeusoma kwenye kivuli. Inspekta Jenerali na makamishna walikuwa chini ya paa, kwenye makochi, na maji ya chupa. Warakibu walikuwa chini ya hema, viti vya mito, maji hakuna. Mainspekta walikuwa na viti vya plastiki na nusu ya hema, kivuli kikiwafika magotini. Masajenti, makoplo na makonstebo walisimama juani tangu saa mbili, na kila baada ya muda mmoja wao alianguka, akaburutwa nyuma bila mstari kuvunjika. Waziri, mgeni rasmi, alitakiwa kufika saa tatu. Alifika saa sita kasoro robo, akaomba radhi kwa majukumu.

Mzee alikuwa amekaa nyuma ya jukwaa, kaki yake imenyooka, tarbushi kichwani, viatu vinang'aa hata ungejitazama. Bwana Mkubwa alikuwa pembeni, koplo mwenye uso mweupe wa poda iliyoanza kufanya mifereji kwa jasho. Mrakibu wa Kamati alipopita kukagua, aliona viatu. Hakumsemesha Mzee. Alimwita Sajenti.

"Mvue."

"Afande, mimi nilidhani labda..."

"Sajenti. Waziri ameshakaa."

Kiyoyozi alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, ameshika bahasha ya khaki. Huenda orodha ilikuwemo, huenda ilikuwa bahasha tu. Hakuhitaji zaidi ya kuishika. Waliokuwa karibu ni kuruta arobaini waliopangwa kuigiza "Jeshi la Kisasa", na mpiga picha wa kitabu.

Sajenti akapiga magoti. Akaanza kufungua kamba za viatu vya baba yake. Zilikuwa zimefungwa fundo mara mbili, kwa uangalifu wa mtu anayekwenda mbele ya wakubwa, na vidole vyake, vilivyoandika majina ya wahalifu wa miaka thelathini bila kukosea herufi, vilishindwa na fundo. Ikabidi atumie meno.

Mzee hakupinga. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Uliniambia umezungumza nao." Kamba ilikuwa mdomoni mwa Sajenti. Kisha kiatu cha kwanza kikatoka, na mzee alipoyumba akashika kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kofia ya mwanawe. Mpiga picha akapiga.

Kuruta walitegemea kuona miguu ya shujaa wa zamani, migumu kama magome. Ilikuwa miguu laini. Miaka zaidi ya sitini ndani ya viatu ilikuwa imeifanya myeupe kwa chini na myororo kama ya mtoto asiyetembea, na kidole kidogo cha kushoto hakikuwepo. Kuruta mmoja alicheka, akaacha.

Spika zikaanza kusoma historia. Mzee akatwishwa sanduku la bati, akatoka juani nyuma ya koplo mwenye poda. Kutoka jukwaani hadi mstari wa heshima zilikuwa hatua mia na themanini. Lami ilikuwa imechemka tangu saa mbili. Watazamaji waliona mzee anatembea kwa kunyanyua magoti juu, upesi upesi, wakadhani ndivyo askari wa zamani walivyotembea, wakapiga makofi kufuata mwendo. Sajenti, aliyesimama nyuma na viatu mkononi, alijua kwa nini anatembea vile. Mkewe, aliyekuwa nje ya uzio pamoja na familia nyingine, alijua pia. Aliona kwanza miguu, kisha viatu vilivyo mkononi mwa mumewe.

Waziri alifurahi sana hata akashuka. Haikuwa kwenye ratiba. Alitembea juu ya zulia mpaka zulia lilipoisha, akasimama hapo, na Mzee akaletwa mbele yake akiwa bado kwenye lami. Waziri akashika kipaza sauti, akamwomba Mzee awaambie vijana kazi ilikuwaje enzi zile.

Mzee alitua sanduku. Aliulizwa na mkubwa, akatoa taarifa.

"Namba mia nne kumi na saba, bwana mkubwa. Kazi ilikuwa kodi. Tunafika kijijini kabla hakujakucha, maana kukikucha wanaume wanakimbia. Asiye na kodi tunamfunga kamba. Mwenye mbuzi tunachukua mbuzi. Wanaandikwa wawili, tumechukua watano."

Watu walicheka. Waziri akacheka. Mzee akasubiri wanyamaze.

"Mwaka wa mgomo wa makuli wa maghala ya reli tulipewa risasi kumi kila mtu. Jioni yakahesabiwa maganda. Mimi nilirudisha ganda moja. Yule mtu alishika ufagio. Mimi nilidhani bunduki. Nilipofika karibu nikaona ni ufagio. Nikaambiwa niseme ni mkuki. Nikasema ni mkuki."

Hakuna aliyejua cha kufanya, maana ngazi nzima ilikuwa inasubiri uso wa Waziri. Waziri akatazama pembeni, akatazama kamera, halafu akachagua. Akaangua kicheko, akampiga Mzee begani, akasema wazee hawa, wazee hawa ni hazina. Inspekta Jenerali akacheka. Makamishna wakacheka, warakibu wakacheka, kicheko kikateremka ngazi hadi ngazi mpaka kikawafikia makonstebo juani, ambao hawakusikia chochote, wakacheka.

"Na leo, Mzee wetu, unalionaje Jeshi letu?"

Mzee alitazama mistari, mmoja baada ya mwingine, kwa makini.

"Naona wote mna viatu," alisema.

Hapo ndipo makofi yalipokuwa makubwa kuliko yote. Msoma historia akadaka maneno hayo, akatangaza kwamba huo ni ushuhuda wa maendeleo makubwa ya Jeshi.

Sajenti hakupiga makofi, kwa kuwa mikono ilikuwa na viatu. Katika miaka hamsini na minne hakuwa amewahi kusikia habari ya ufagio. Alikuwa anafikiria daftari lake la kaunta, na sentensi moja aliyoagizwa kuiandika mara nyingi, akaiandika kwa mwandiko wake mzuri, kwamba mtuhumiwa alijaribu kukimbia.

Zahanati walimsafisha Mzee nyayo, wakatoa ngozi iliyochubuka, wakamfunga bendeji. Muuguzi aliuliza alikanyaga nini. Mke wa Sajenti akasema alikanyaga lami ya serikali.

Mke wa Sajenti hakurudi kuishi kota. Nyuma ya duka alilonunulia vifungo kulikuwa na chumba kimoja, mlango wake unatazama uani, na mwenye duka alimhitaji fundi. Alikuja mara moja tu na mkokoteni, akapakia cherehani, kigoda, na nguo za mzee. Sajenti alimuuliza kama wanaachana. Akajibu kwamba yeye hajui. Anachojua ni kwamba mzee hawezi kulala tena chini ya dari moja na mtu aliyemwambia uongo huku akifunga mkanda. Hakupandisha sauti. Sajenti alisema alifanya kwa ajili yao wote. Mkewe akamwambia, "Basi baki nacho," akimaanisha cheo, na akamsaidia mwenye mkokoteni kusukuma.

Cheo kilikuja. Jeshi likitaka kumlipa mtu kwa kitu kibaya, huwa halicheleweshi. Kitabu cha kumbukumbu nacho kilitoka, karatasi nzito ya kung'aa. Ukurasa wa tisa ulikuwa na picha ya mtu mwenye mistari mitatu amepiga magoti miguuni pa mzee, na chini yake imeandikwa: "Mwana akimhudumia baba. Jeshi ni familia." Maneno ya Mzee hayakuwemo. Yalikuwemo yale ya Mrakibu, kuhusu raia na mali zao, yakiwa na alama za kunukuu na namba mia nne kumi na saba. Kiyoyozi alipewa nishani ya maandalizi bora.

Jumapili ya kwanza baada ya kuvishwa cheo, Inspekta mpya alivaa sare yake mpya, iliyokuwa kubwa mno kwa kuwa hakuwa na wa kuipunguza, akaenda kule nyuma ya duka. Alibeba mfuko wa matunda. Alikuta cherehani inavuma mlangoni. Mkewe akamtazama begani, akarudi kwenye mshono. Mzee alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda kivulini, miguu bado ina bendeji, amevaa soksi mbili mbili juu yake.

"Shikamoo, Baba."

Mzee aliinua macho. Aliona nyota za mabegani. Akashika ukuta, akajiinua polepole, akasimama wima, visigino pamoja, kidevu juu, akapiga saluti. Mkono wake ulikaa mahali pake.

"Afande," alisema.

Inspekta alimwambia akae, tafadhali. Mzee hakukaa. Alimwita Baba mara tatu. Alimwomba, akamshika kiwiko. Kiwiko kilikuwa kigumu kama mpini. Alisema mimi ni mwanao. Mzee alikuwa anatazama mbele, juu ya bega la mwanawe, kama anavyotazama askari anayesubiri amri. Damu nyepesi ilianza kutokea kwenye soksi ya kushoto. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

Inspekta aligeuka kumtazama mkewe, akitaka amsaidie. Mkewe akakata uzi kwa meno.

Basi akasimama sawa, akaweka mfuko wa matunda chini, na kwa sauti ambayo haikutoka vizuri akasema, "Tawanyika."

Mzee akashusha mkono. Akageuka kulia, akahesabu moja kimoyomoyo kama ilivyo kanuni, akaingia chumbani akichechemea, akafunga mlango.